Mkrismasi wa Kioko

Nyinyi mnaokuja kununua miche hapa nyumbani kwangu Kaloleni, Voi, mna haraka sana. Mnataka mti wa kivuli, mnataka uwe mkubwa kufikia mwakani, na mnataka kujua bei kabla hamjajua jina lake. Siwalaumu. Mimi nilipoajiriwa kwenye kitalu cha serikali hapa Voi nilikuwa msichana aliyeteremka kutoka milimani, kule juu Wundanyi, ambako ukisahau fimbo ardhini msimu wa mvua unaikuta imechipua. Nilidhani miti huota yenyewe. Joto la Voi lilinifunza upesi, na lile ambalo joto halikunifunza, nilifunzwa na Mzee Odhiambo.

Mzee Odhiambo alikuwa msimamizi wetu. Baba yake aliletwa huku na kazi ya reli kutoka upande wa Siaya, naye akazaliwa hapa hapa kwenye nyumba za reli. Aliongea Kidawida, lugha yetu ya milimani, kwa lafudhi ya Kijaluo na Kijaluo kwa lafudhi ya Kidawida, hata akawa anachekwa pande zote mbili. Shingoni alining'iniza kikata kucha kwa uzi. Siku za kazi kilikuwa cha mbegu, Jumapili kilikuwa cha kucha zake.

Kile kikata kucha kilikuwa hasa cha mkrismasi. Mnaujua: majani yake kama manyoya, maganda ya mbegu marefu kama panga, na Desemba ikifika unavaa maua mekundu mti mzima. Mbegu yake ni ngumu kama kokoto. Ukiipanda hivyo hivyo inaweza kukaa ardhini mwaka mzima ikikutazama tu. Kwa hiyo unakata kipande kidogo cha ganda, upande ulio mbali na jicho la mbegu, mpaka uone weupe. Au unachemsha maji, unayaepua, unayaacha yapoe kidogo, kisha unaitumbukiza mbegu ilale humo hadi asubuhi. Iliyovimba unaipanda. Ambayo haijavimba unairudisha majini. Mwenzetu mmoja mgeni aliziweka motoni zikatokota kama maharagwe. Mzee akazitazama, akamwambia aongeze kitunguu na chumvi, tule.

Kosa la kawaida zaidi, ambalo hata nyinyi mnalifanya, ni kupanda mche ukiwa bado ndani ya karatasi yake ya plastiki. Shemeji yangu alipanda michungwa yote ya shamba lake namna hiyo, kisha akaja kunigombeza kwamba nimemuuzia miti migonjwa. Tukaenda tukafukua mmoja. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya plastiki kama waya wa redio mbovu. Shemeji akasema alidhani ile karatasi inaoza yenyewe, kama ya sukari.

Lakini leo nataka kuwaambia habari za Mama Mumbua wa Maungu, kwa sababu kila mwaka mwezi wa kumi na mbili mnapita pale barabarani, mnapiga picha chini ya maua yale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza yametoka wapi.

Alikuja kitaluni siku chache kabla ya Krismasi, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa na kibanda cha chai na mandazi pale Maungu, wanapoegesha madereva wa malori. Mume wake, Kioko, alikuwa fundi wa pancha hatua chache kutoka kibandani. Kila Krismasi Kioko alikuwa akimwomba dereva wa gari la mboga linaloteremka kutoka Wundanyi amletee tawi la saipresi. Alilisimamisha kwenye debe la mchanga mbele ya kibanda, akalipamba kwa pamba na vifuniko vya soda. Watu wa Maungu walilizoea. Halafu mwaka ule, Kioko akiwa amepiga magoti kando ya barabara akibadilisha gurudumu la mtu, lori lililokosa breki likamgonga. Mkewe alikuwa mjamzito. Mumbua alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini.

Mama Mumbua alitaka mti wa Wundanyi, ule ule wa saipresi, ila sasa aliutaka na mizizi yake. Nikamweleza kwamba saipresi ni mti wa baridi na ukungu, hauwezi Maungu. Alinisikiliza vizuri, kisha akarudia ombi lake lile lile. Nikamweleza tena. Ndipo akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Dada, mume wangu amezikwa kwao, mbali, Mutomo. Mimi niko Maungu na chai yangu. Sina mahali pa kwenda kukaa naye."

Nilikwenda kumuuliza Mzee Odhiambo. Akasema nimpe, lakini nimwambie ukweli wote, kwa sababu mtu mwenye msiba ukimnyima kitu ataendelea kuamini kwamba kile ulichomnyima ndicho kingemponya. Nikampa mche mmoja mzuri, nikamwambia ukweli wote. Akaupeleka.

Krismasi hiyo ulikuwa hai. Joto la Januari lilipopanda ulianza kugeuka rangi ya kutu, na Februari Mama Mumbua alirudi nao ndani ya beseni, ameufunika kwa leso kama mtu aletaye mgonjwa hospitali. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza amekosea wapi.

Mzee Odhiambo mwenyewe ndiye aliyemjibu. Akamwambia hajakosea kitu, amemwomba tu mgeni wa ukungu akae jikoni. Kisha akaenda mwisho wa vitanda vya miche, akarudi na mkrismasi mmoja, mdogo, majani machache tu. Akamweleza kwamba huu ndio mti unaojua Krismasi ya huku chini. Wa milimani watu huupamba, huu hujipamba wenyewe.

Mama Mumbua akautazama kwa mashaka. Akauliza maua yatatoka lini. Mzee hakumdanganya, alimwambia ni miaka, na kwa ukame wa Maungu huenda ikawa mingi. Mama Mumbua akamgeukia mtoto mgongoni.

"Huyu atakuwa shuleni," akasema.

"Basi watakua pamoja," Mzee akamjibu.

Hatukumpa siku hiyo. Sikilizeni hili, nyinyi wenye haraka. Mche uliozoea kunyweshwa asubuhi na jioni ukiupeleka mahali pakavu unakufa kwa mshtuko. Tuliubakisha kitaluni mpaka mvua za masika zikakaribia, tukiupunguzia maji kidogo kidogo na kuutoa kivulini, hadi ukawa mgumu. Ndipo nikaupeleka Maungu mwenyewe. Shimo tulilichimba pana kuliko tulivyodhani unahitaji. Udongo wa juu tuliuweka upande mmoja na wa chini upande mwingine, tukachanganya ule wa juu na samadi ya mbuzi ya zamani, kwa maana samadi mbichi inaunguza. Tukapanda jua likiwa limelegea. Kando ya mzizi nikafukia chupa ya plastiki yenye tundu dogo chini, ili maji yashuke polepole mpaka chini badala ya kukaushwa na jua. Tukazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi.

Mama Mumbua akauita Kioko. Hakuficha. Maji ya kusuuza vikombe yalikuwa ya Kioko, yale yasiyo na sabuni nyingi. Madereva wakawa wanataniana kwamba chai itachelewa maana mama anamwogesha mzee. Yeye alikuwa anacheka nao. Jioni akifunga kibanda alikuwa anakaa pale na kigoda chake, anauhadithia mti habari za siku.

Aliyekuwa hapendi ni Mumbua. Alipoanza shule watoto walimwambia baba yake ni mti. Mtoto akirudi nyumbani analia, na ule mti uko pale pale mlangoni. Alipofika miaka minane au tisa hivi alikuwa hakubali kuunywesha, hata kwa fimbo. Nilimkuta siku moja ameketi mbali juani, na kivuli kiko wazi. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia hamjui mtu huyo ambaye mama yake anaongea naye. Nikachukua kopo nikaunywesha mti mwenyewe. Mimi ni mtu wa miche.

Wakati huo mti ulikuwa umepita paa la kibanda. Mzee Odhiambo alikuwa amestaafu na kurudi Siaya, na mimi ndiye niliyeshika funguo za kitalu. Mwaka huo nilipopita Maungu nilimwambia Mama Mumbua kwamba kwa jinsi matawi yalivyonenepa, huenda Desemba tukaona maua. Alifurahi akanikataza kulipia chai.

Mvua za masika zikakosa. Wale mliokuwa wadogo hamkumbuki vizuri, lakini ulikuwa ukame wa kuona mbuzi wakila makatoni. Ndovu wakatoka mbugani kutafuta maji, na Maungu kuna matangi. Asubuhi moja simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Mumbua, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Dada, ndovu wamemuua mara ya pili."

Nilipanda gari la kwanza. Nilikuta shina limevunjwa usawa wa kifua changu, gamba limechunwa likaning'inia, na matawi yote yamekanyagwa na kuliwa. Tangi la maji lilikuwa limepinduliwa. Mama Mumbua alikuwa ameketi kwenye kigoda, hakuwa amewasha moto, na madereva walikuwa wamesimama mbali wakimwonea haya. Mumbua alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule, hakwenda shule.

Nikampigia simu Mzee Odhiambo kule kwao nikaweka sauti kubwa. Nilimweleza nilichokiona. Hakuuliza mti ni mrefu kiasi gani wala umevunjika vipi. Aliniambia nikwaruze gamba pale chini, karibu na ardhi, nimwambie rangi.

Vidole vyangu vya kazi vilikuwa havina kucha za kukwaruza chochote. Nikamwita Mumbua. Kwanza alisita. Kisha akaja, akachuchumaa, akakwaruza kwa kucha ya kidole gumba. Akainamisha uso karibu kabisa. Hata wale madereva wakasogea.

"Ni kijani," akasema.

"Basi hajafa mtu hapo," Mzee Odhiambo akasema kwenye simu. "Leteni msumeno."

Mama Mumbua akafunika uso kwa leso. Mtoto akaendelea kuchuchumaa pale pale, kidole chake kikiwa juu ya ile alama ya kijani, kama anayeogopa itakimbia.

Tulikata palipopasuka, na tulikata mshazari, ili maji ya mvua yateleze yasikae juu ya kidonda. Kidonda tukakipaka kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokandwa na majivu na udongo mfinyanzi. Nilipomaliza palikuwa na gogo tu limesimama. Watu wa Maungu walimhurumia yule mama, lakini pia walicheka, walisema anamwagilia kuni. Ila sasa hakuwa anamwagilia yeye. Kuanzia siku ile Mumbua ndiye aliyebeba maji. Mama yake aliniambia kwa simu kwamba kila asubuhi kabla ya shule mtoto anakwaruza mahali padogo, anatazama, kisha anaondoka. Ilibidi nimtume mama amwambie aache kukwaruza, atauchuna mti wote.

Mafundi wa pancha, waliofanya kazi na Kioko, ndio walioshughulikia ndovu. Huku kwetu tunajua kwamba ndovu hapendi pilipili. Walisimika nguzo kuzunguka kibanda na mti, wakafunga kamba, wakaning'iniza matambara yaliyoloweshwa oili chafu ya magari iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Siku waliyoitwanga ile pilipili Maungu nzima ilipiga chafya. Hata abiria wa treni iliyopita siku hiyo nadhani walisikia. Lakini ndovu walifika kwenye ile kamba, wakanusa, wakageuka.

Mvua za vuli zilipokuja, gogo likatoa machipukizi, mengi, kama vidole. Kazi ngumu ya kitalu si kupanda, ni kupunguza. Nikawaambia lazima tubakishe moja, lile lenye nguvu lililo upande unakotoka upepo, kwa kuwa ndilo linaloshika vizuri kwenye shina. Mama Mumbua akakataa katakata, hawezi kukata kitu kilichorudi kutoka kwa wafu. Mumbua ndiye aliyenyoosha mkono akaomba mkasi. Alimwambia mama yake kwamba yakibaki yote yatagombania maji na baba atachoka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitamka neno hilo.

Kutoka hapo ilichukua miaka mingine. Mti unaokua juu ya mizizi ya zamani huenda mbio, lakini maua yana siku yake. Mzee Odhiambo alikuwa ananipigia kila Desemba kuuliza, na kila Desemba nilimjibu bado. Mwaka uliofuata kustaafu kwangu alifariki kwao, kabla ya vuli, bila kupata jibu jingine.

Vuli ya mwaka huo ilinyesha vizuri ajabu. Ilipofika katikati ya Desemba Mama Mumbua alinipigia, na safari hii nilimsikia akicheka kabla hajasema.

"Dada, njoo. Kioko amevaa."

Nilikwenda siku ya Krismasi yenyewe. Nilichukua miche yote ya mkrismasi niliyokuwa nayo hapa nyumbani, nikaijaza nyuma ya pikapu ya shemeji, yule yule wa michungwa. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba watu wakiona maua yale watataka. Tulipokata kona kuingia Maungu, shemeji akapunguza mwendo bila kuambiwa. Mti ulikuwa mwekundu kutoka kileleni hadi matawi ya chini yaliyogusa paa la kibanda. Hakukuwa na jani la kuonekana. Ardhi chini yake ilikuwa nyekundu pia, na ndani ya vikombe vya chai mlikuwa na maua.

Kanisa la pale ni la mabati, na siku ile lilikuwa tanuri. Mchungaji akaamua ibada ifanyike nje, chini ya mkrismasi. Watu wakabeba viti na mikeka. Baada ya kuimba, mchungaji akasema Krismasi ni siku nzito kwa wengine, na kwamba yeyote anayemkosa mtu wake leo asimame amtaje. Majina yakaanza kutoka. Mama, kaka, mtoto, mume. Mimi nilisimama nikamtaja Odhiambo, wakanipigia makofi.

Mumbua alikuwa msichana wa sekondari sasa, mrefu kuliko mama yake. Alisimama akaweka mkono kwenye shina, pale juu ya kovu. Nilidhani atalia.

"Mimi sikumjua baba yangu," akasema. "Anaitwa Kioko. Hapa ni kwake. Karibuni."

Mama yake alipiga kigelegele kimoja, kirefu, na Maungu yote ikamwitikia. Wanawake waliinuka, ngoma ikaanza, wazee wa kanisa wakasahau mpangilio wa ibada. Nimehudhuria harusi nyingi katika maisha yangu. Sijaona harusi iliyoifikia ile asubuhi.

Walipotulia mchungaji akaniita mbele niseme neno. Najua walitarajia neno la kufariji. Mimi sijui kufariji. Niliwaambia udongo umelowa leo, na kwa jua hili kufikia wiki ijayo utakuwa mgumu. Kwa hiyo aliyetaja jina na aje achukue mche, mwenye jembe alilete, shimo liwe pana, na atakayepanda na karatasi nitamfukuza. Shemeji akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Walichimba na nguo zao za Krismasi. Wanawake walifunga leso juu ya nguo mpya, wanaume walivua mashati wakayatundika kwenye kamba ya pilipili, mafundi wa pancha wakaleta mitarimbo. Mashimo yalifuatana kutoka kibandani hadi karibu na kanisa, na kila shimo lilikuwa na watu wake na jina lake. Mama Mumbua alizunguka na birika akiwanywesha wachimbaji chai.

Lori moja la kwenda Mombasa likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani, akayatazama yale mashimo yote, na uso wake ukabadilika. Akauliza kwa upole tunazika watu wangapi.

Mumbua alikuwa shimoni hadi magotini, akimsaidia mzee mmoja. Alijipangusa udongo usoni, akamwinulia mche.

"Hatuziki, mjomba. Njoo uchukue wako."

Yule dereva alilisogeza lori pembeni ya barabara. Kisha akazima injini, akashuka, akasema mama yake aliitwa Rehema, nami nikamwonyesha mahali pa kuchimba.